Visi Cebrián na Viti vya Valdecuervo

Tarehe thelathini Septemba, Visitación Cebrián Lobato, ambaye hakuna anayemwita jina hilo refu isipokuwa benki, anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu kwenye basi la vitabu la milima ya Soria. Kwa wote yeye ni Visi. Madereva wamepita, basi lenyewe limebadilishwa, na kuna vijiji vimebakiwa na watu wa kutosha meza moja tu ya karata. Kiti cha mbele kulia hakijakaliwa na mwingine.

Ofisini wamesema wasifu uandikwe na mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu. Garini tuko wawili, yeye na dereva, kwa hiyo hapakuwa na wa kuchagua. Yaliyomo humu ni yale yanayoonekana mtu akiwa kwenye usukani na kioo cha nyuma.

Visi alizaliwa Uswisi, wazazi wake walikokwenda kufanya kazi hotelini. Huko waliitwa Wahispania. Waliporudi kwao, yeye akiwa bado msichana mdogo, wakaitwa Waswisi. Akilisimulia hilo huwa anacheka, anasema yeye amekuwa mgeni kwa zamu. Alianza kazi kwenye ghala la vitabu, akibeba makasha, akafanya mtihani wa serikali akashindwa, akafanya tena akashindwa, akafanya tena. Alipopita wakampa njia ya milimani kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Barafu kule si mchezo, na simu haishiki.

Wenzake wa mjini wanamjua kwa sanduku lake la bati. Watu wa vijijini huweka alama ndani ya vitabu kwa chochote kilicho karibu, na Visi hatupi kitu. Humo mna picha za watakatifu, tiketi za bahati nasibu ya Krismasi ambazo hazikushinda, nywele za bibi harusi, na kipande cha paja la nguruwe, kimekauka kama ngozi ya kiatu, kilichokutwa katikati ya hadithi ya mapenzi. Alimwuliza yule msomaji kama ni chake. Msomaji akamwambia, "Visi, hicho ndicho kilichonifikisha mwisho. Kitabu chenyewe kilikuwa kikavu zaidi."

Sasa tuseme lile ambalo kila mtu anamsifia, yaani kikundi cha wasomaji cha Valdecuervo.

Maktaba nyingine wasomaji hukaa ukumbini, taa nyeupe, maji ya chupa. Visi alijaribu hivyo mwanzoni, wakaja watu wawili, mmoja amekosea mlango. Ndipo akaangalia watu wenyewe wanafanya nini. Valdecuervo, kiangazi, jua likianza kupungua makali, kila nyumba inatoa viti nje barabarani kupunga upepo. Kila mtu na kiti chake, kila kiti na mahali pake ukutani, na huwezi kukaa kiti cha mwenzio hata kama mwenyewe yuko hospitali Soria. Mpita njia anasalimiwa, anaulizwa habari, halafu anaendelea na safari yake. Ukitolewa kiti, basi wewe ni mtu wa pale. Visi hakuwaambia waje kwenye kikundi. Alishuka na vitabu mkononi akavipeleka vitini. Yeye mwenyewe alisimama kiangazi kizima cha kwanza, ameegemea mlango wa basi, mpaka siku moja Shangazi Eutiquia akamsogezea kigoda cha kukamulia kondoo. Kile kigoda ndicho anachokikalia mpaka leo.

Eutiquia ndiye mkubwa wa ile barabara. Kule wazee wote huitwa mjomba au shangazi, hata kama si ndugu zako. Na kila nyumba ina jina lake la utani, la kurithi, na hakuna hata moja la heshima. Nyumba ya Eutiquia ni Wapiga Chafya, kwa sababu babu yao alipiga chafya askofu alipokuja. Ya Mjomba Gaudencio ni Wala Mbichi. Ya Benilde ni Soksi Moja, na sababu yake haiandikiki kwenye jarida la ofisi. Kijana yeyote akipita, Eutiquia anamwita kwa fimbo: "Wewe! Wewe ni wa nani?" Hataki jina lako. Anataka nyumba.

Visi alikuwa akisema riwaya za Uhispania za siku hizi karibu zote zinauliza swali hilohilo la Eutiquia, ila zinachukua kurasa mia tatu. Kwa hiyo aliwaletea hizo. Mtu kahama kijijini, mtoto wake hajui yeye ni wa wapi. Binti kazaliwa hapa na wazazi wa mbali, anaulizwa kila siku katokea wapi. Alijua watu wa Valdecuervo wana la kusema, na walikuwa nalo kweli.

Kuna moja ya bwana wa Madrid anayerudi kwenye nyumba ya babu yake kutafuta asili yake. Eutiquia alikifunga kitabu akakiweka chini ya kiti.

"Ukurasa wa themanini, na huyu bwana hajapanda hata kitunguu. Asili anaitafuta wapi, hewani?"

"Mwache, shangazi," akasema Gaudencio. "Analia vizuri."

"Hata mbuzi wangu analia vizuri, na maziwa anatoa."

Nyingine ilikuwa ya msichana wa viungani mwa Barcelona, mama yake anaficha lafudhi ya kwao asichekwe dukani. Hiyo Benilde hakuitania. Alisema taratibu, "Wanangu wako hivihivi. Kule wanaitwa wa huku. Wakija Agosti, huku wanaitwa wa kule." Visi hakusema kitu, akampa leso. Anajua kunyamaza, na hilo halifundishwi kwenye mtihani wa serikali.

Basi, mwaka juzi kikaja kitabu cha Ikram.

Ikram Bouziane ni binti wa Abdeslam, mchungaji aliyetoka Moroko na kuchunga kondoo wa Valdecuervo tangu binti huyo hajaanza shule. Msichana alimaliza rafu zote za basi, akaenda Saragosa kusoma, akabaki huko. Mama yake amezikwa hapohapo bondeni. Abdeslam kila jioni hucheza karata na Gaudencio, yeye na chai yake, mwenzake na divai yake, na ukiwatazama utadhani ni mtu na kaka yake. Ila wazee wengine ni mjomba fulani, shangazi fulani. Yeye aliitwa Abdeslam tu, na asipokuwepo, Mmoroko.

Riwaya ya Ikram inaitwa Mawe ya Kulambia Chumvi, yale mawe bapa ambayo mchungaji huwawekea kondoo chumvi. Ni ya msichana anayekulia kwenye kijiji ambacho kila nyumba ina jina la utani isipokuwa ya kwao. Kijiji kimepewa jina lingine, lakini mlima ni uleule, kisima ni kilekile, na mbwa ni yuleyule kilema. Magazeti yalikisifu. Visi alilinunulia basi nakala za kutosha kikundi kizima, akazifunga kwa utepe. Siku anazigawa alikuwa anang'aa kama mama wa bibi harusi.

Wiki mbili baadaye tuliporudi, viti vilikuwa ndani. Jua linawaka, upepo mzuri, na barabara tupu. Zile nakala zilikuwa zimerudishwa zote, zimerundikwa uwanjani tunapoegesha.

Gaudencio alikuwa baani, anacheza karata peke yake. Abdeslam alikuwa kwenye meza ya pembeni na glasi ya chai iliyopoa. Visi akamwuliza Gaudencio kuna nini.

"Kuna nini? Muulize mwandishi! Kamuandika mama yangu mwizi wa kuni. Mama yangu! Tumewapokea, tumewapa kondoo, na leo tunachekwa mpaka Saragosa."

"Umekisoma?"

"Nimesimuliwa. Inatosha."

Abdeslam aliinuka. Alilipa chai yake akatoka. Visi akamfuata mpaka mlangoni, na yule mzee akamwambia bila kumtazama, "Binti yangu alitaka kuja Agosti akisome hapa, mbele ya mama yake. Nimempigia nimemwambia asije. Mimi nimebakiza kaburi na meza ya karata hapa, Visi. Meza imeshaondoka."

Jioni hiyo meya wa kijiji akapiga simu. Kijiji kimekasirika, Shangazi Eutiquia ndiye mwenye kelele kuliko wote. Ama kile kitabu kitoke garini, ama basi lisiegeshwe tena uwanjani. Visi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mheshimiwa, uwanja ni wako. Rafu ni zangu." Safari iliyofuata tukaegesha nje ya kijiji, kwenye josho la zamani la kondoo, na kile kitabu kimewekwa dirishani, jalada linatazama barabara.

Watu walipita na mkate wao wakijifanya hawaoni. Hakugombana na mtu. Alimwambia kila aliyepita neno moja tu: mwenye malalamiko aje nayo vitini Alhamisi, lakini aje na ukurasa. Hiyo ndiyo sheria yake toka zamani, na wote wanaijua. Kwenye kikundi cha Visi hutukani kitabu mpaka usome kwa sauti, kwa mdomo wako mwenyewe, mahali palipokuudhi. Aliwahi kumnyamazisha hata padri kwa sheria hiyo.

Nakala zote zikaondoka siku ile. Waliziingiza kwenye vikapu, chini ya mkate.

Alhamisi viti vilitoka, vyote, na wengine walikuja na viti vya jikoni. Benilde alianza. Alivaa miwani akasoma kile kipande cha bibi mwenye kitambaa cha kijani anayerudi zizini na kuni za jirani chini ya aproni, anaimba wimbo wa Bikira Maria zisisikike zikigongana. Alisoma vizuri. Watu walikuwa wanajizuia kucheka.

"Basi," akasema, "huyu ni bibi yangu. Namtambua. Nataka haki."

Gaudencio akasimama. "Bibi yako kutoka wapi? Huyu ni mama yangu! Wimbo ule ni wa mama yangu!"

"Mama yako alikuwa na kitambaa cheusi!"

"Cha msibani! Cha kuibia kilikuwa cha kijani! Kijiji kizima kinajua aliyekuwa anaiba kuni hapa ni mama yangu, leo mnataka kumnyang'anya!"

Hapo kicheko kililipuka, na mwenyewe Gaudencio akachelewa kidogo kukielewa, akakaa, akacheka mpaka akafuta macho. Kila aliyesoma baada ya hapo alisoma kama anayeonyesha picha ya harusi. Huyu ni mjomba wangu. Yule mwenye kuchanganya maji kwenye divai, huyo ni wetu, msimguse.

Visi lakini hakuwa anawatazama hao. Alikuwa anamtazama Eutiquia. Yule mama ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, na alikaa pale na kitabu kimefungwa mapajani, hakuomba zamu. Kila ukurasa ulikuwa umekunjwa pembe. Alikuwa amekisoma zaidi ya wote.

"Na wewe, shangazi?" Visi akamwuliza. "Ukurasa gani?"

Eutiquia akakipiga kitabu kofi.

"Hakuna ukurasa! Nimetafuta mbele na nyuma. Soksi Moja wamo. Wala Mbichi wamo. Yule mbwa kilema wa meya yumo, ana sura nzima! Wapiga Chafya hatumo hata mstari! Mtoto amekulia jikoni kwangu! Sisi ni nani, wapita njia?"

Mtu mwingine angemfariji, angesema labda ni bahati mbaya. Visi alifikiri kidogo akasema hilo ni kosa kubwa, na mwenye kulijibu ni mmoja tu. Je, aitwe?

"Aitwe!" Eutiquia akamgeukia meya kwa fimbo. "Na lile basi lirudi uwanjani. Miguu yangu haifiki joshoni."

Ikram alikuja Agosti, siku mbili kabla ya sikukuu ya kijiji. Kwanza alikwenda kaburini na baba yake. Halafu wakapanda ile barabara taratibu, yeye na kitabu kifuani kama mtoto anayepeleka cheti kibaya nyumbani. Abdeslam alikuwa amevaa koti la harusi. Viti vimejaa pande zote mbili, na kati yake hakuna kiti kilichobaki. Wakasimama. Visi aliinuka nusu kwenye kigoda chake, halafu akakaa tena. Baadaye alieleza kwamba kiti kile si yeye wa kukitoa.

Eutiquia alimnyooshea fimbo.

"Wewe! Wewe ni wa nani?"

"Wa Abdeslam, shangazi."

"Hilo naliona. Nakuuliza kwa nini umetusahau."

Ikram akakishusha kitabu. "Sikuwasahau. Nyumba nilizoziandika ni zile nilizokuwa nazitazama kutoka nje. Nilisimama dirishani, nikaona, nikaandika. Ya kwako nilikuwa ndani. Ulinipiga kofi kwa kuiba matunda yako ya cheri, kama unavyowapiga wajukuu zako, ukanipa supu, ukanipiga tena. Nikijaribu kuiandika naona sahani tu. Siioni nyumba."

Yule mama akainuka. Kisha akaingia ndani, tukasikia vyombo vinaanguka, akatoka anaburuta viti viwili vya chumbani kwake, vya kusukwa kwa majani, kimoja cha marehemu mumewe, kingine cha wageni wa msiba. Akavipanga ukutani, kimoja kulia kwake, kimoja kushoto.

"Kaa. Soma. Na kitabu kijacho usipotuweka, nakuja Saragosa na hii fimbo."

Alisoma mpaka kengele ya misa ya jioni ikalia, na hakuna aliyekwenda misa. Alipofunga kitabu, Gaudencio akapaza sauti kutoka mwisho wa safu:

"Kila siri ya kijiji hiki sasa iko dukani kwa bei moja! Nyumba hii tumeichelewesha jina, jamani. Hawa ni Wambea!"

Kijiji kizima kikaitikia. Wambea! Ikram akajifunika uso, anacheka na kulia. Lakini Abdeslam alisimama, amekunja uso, mkono kwenye kifungo cha koti.

"Gaudencio. Nimechunga kondoo wenu miaka yote hii. Sijasema neno la mtu. Na jina mnalonipa ni Mmbea?"

Kicheko kikakatika. Mtu angeweza kuharibu kila kitu hapo kwa neno moja. Visi akainuka, akamshika mzee kiwiko, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mzee, angalia hawa. Wapiga Chafya, Soksi Moja, Wala Mbichi. Umeona mwenye jina zuri? Hapa jina zuri hupewa mgeni. Mimi, nikiwapa kisogo, mpaka leo wananiita Bibi Maktaba."

Abdeslam aliwatazama mmoja mmoja, kiti kwa kiti. Tuliona mabega yakishuka. Akakaa.

"Haya, Mjomba Mmbea," akasema Gaudencio, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita mjomba, "meza inapoa. Unagawa wewe."

Hilo ndilo tulilotaka kuliweka kwenye jarida. Visi ana mengine: ameongeza vijiji vinne kwenye njia, amepigania basi liwekewe ngazi fupi kwa ajili ya wazee, amepeleka vitabu kwa mkono siku basi lilipokwama kwenye theluji. Vikundi vingine sita sasa vinakaa nje na viti vyao na vinasoma kwa sheria ya ukurasa. Wakubwa wa mkoa walikuja kutazama, wakaandika ripoti, na mmoja wao alikalia kiti cha Benilde. Hatarudia.

Safari yake ya mwisho Valdecuervo ilikuwa wiki iliyopita. Alikuwa anakusanya nakala za Mawe ya Kulambia Chumvi, kwa kuwa kijiji cha pili kinazisubiri. Zilirudi zote isipokuwa ya Eutiquia. Visi alikwenda kuidai. Yule mama alikuwa kitini, kitabu chini yake, amekikalia.

"Hiki hakitoki," akasema. "Mlitaka kukileta, mmekileta. Sasa ni cha hapa."

Miaka thelathini na tatu, Visi hajawahi kuacha kitabu nyuma. Aliwafuata watu mashambani, aliwafuata wodi ya wazazi, aliwahi kukidai kimoja kwenye mkesha wa msiba, kwa heshima lakini alikidai. Siku ile alimwangalia Eutiquia, akapanda basi, akafunga mlango. Akasema tuondoke. Anayechukua nafasi yake tunamwomba asikiulizie.

Visi, asante kwa njia zote za mlimani, na kwa kutuonyesha kwamba mtu huwa wa mahali pale wanapomkasirikia wasipomwona. Pumzika sasa, soma vyako, na kiangazi kikifika Valdecuervo kigoda chako kiko ukutani, hakuna atakayethubutu kukikalia. Mungu akupe siku ndefu na upepo mzuri.

Eloy, dereva, kwa niaba ya wote wa basi la vitabu